Ukitaka kujua mfupa wa dinosaria uko wapi, anza na mvua

Mimi ni mtu wa Lindi, ila Kunduchi nimekaa miaka 22 nikifundisha jiografia sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye mada ya miamba, swali ni lile lile: "Mwalimu, mbona yule mjusi mkubwa aliyeko Ujerumani, yule dinosaria, alitoka Tendaguru kule Lindi, na sisi Dar hatujaokota hata jino?" Wengi hudhani mijusi ilijaa Lindi na huku haikufika. Si hivyo. Mnyama hufa popote, lakini mfupa wake hubaki pale tu hali ya hewa ilipokubali: alipokufa, alipofukiwa, na sasa anapochomoza. Nitakueleza ninavyowafundisha wanangu hawa. Unahitaji siki, karai na nauli ya kufika ufukweni.

Umri wa mwamba uumalize haraka. Dinosaria, ukiacha ukoo wa ndege, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mawe ya matumbawe unayoyakanyaga Coco Beach au hapa kwetu ni machanga mno kwa habari hiyo. Chimba upendavyo, utapata makombe. Mwamba wa Tendaguru una miaka milioni 150 hivi. Kwa hiyo shika ramani ya jiolojia ya Tanzania, utafute miamba ya vipindi vya Triasi, Jura na Kretasia, yaani enzi walizoishi dinosaria, na maeneo mengine yote uyaache.

Sasa siki. Chukua mifupa miwili ya paja la kuku, ikwangue nyama yote. Mmoja uweke kwenye chupa ya siki, wa pili kwenye chupa ya maji. Ukiona siki imechoka, ibadilishe. Baada ya siku kadhaa toa ule wa siki, uoshe, uukunje kwa vidole. Unapinda kama mpira wa ndala, hauvunjiki, kwa sababu madini yaliyoufanya mgumu yameyeyuka. Wa maji uko vile vile. Udongo wa msitu wa mvua nyingi, wenye majani yanayooza mwaka mzima, una asidi, nao huufanyia mfupa kazi hiyo hiyo polepole. Ndiyo maana msitu mnene unaweza kujaa wanyama na bado ukaacha mifupa michache sana. Kwenye ramani yako, pale ambapo zamani palikuwa na mvua za msimu na kiangazi cha kueleweka, patilie alama.

Karai ni la wenye subira. Kabla ya masika omba miguu miwili ya mbuzi kwa muuza nyama. Mmoja uzike kwenye karai la tope lililochanganywa na makombe yaliyopondwa, mwingine uufunge kwa waya juu ya bati. Mwaka jana nilifungua langu Julai. Mfupa wa juu ya bati ulikuwa umepauka na kupasuka kwa urefu, nyufa unazoweza kuingiza ukucha. Wa kwenye tope ulikuwa wa kahawia, mzima, hata vitundu vidogo vya mishipa vilionekana. Mtoto mmoja wa kidato cha pili aliushika muda mrefu asiseme kitu. Kumbe jua na mvua vinamaliza mfupa upesi hivyo, na anayeuokoa ni tope linalowahi kuufunika.

Basi tope hilo linatoka wapi? Hapo ndipo ninapowapeleka ufukweni siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Simama mchangani utazame baharini. Mbele yako kuna eneo tambarare la tope na mchanga lenye vidimbwi, kisha maji yaliyotulia, na mbali kule mafungu ya mchanga kama Fungu Yasini yanayovunja nguvu ya mawimbi. Mgongoni kwako ni nchi kavu yenye miti. Tendaguru ilifanana na hivi: mafungu ya mchanga, maji yaliyotulia nyuma yake, tambarare za kupwa na kujaa, halafu bara lenye misonobari ya kale. Joto lilikuwa jingi, na mvua zilikuja kwa msimu. Sogea hatua chache kwenye tope, uone mguu unavyozama. Halafu fikiria mnyama wa tani nyingi aliyeteremka kutafuta maji kiangazi. Baadhi ya miguu ya mijusi ya Tendaguru ilikutwa imesimama wima ardhini, kama iliyonasa. Tena bahari ilipanda na kushuka, ndiyo maana tabaka tatu za mijusi zimetenganishwa na tabaka zenye makombe.

Joto lenyewe nalo lilichagua nani aishi wapi. Alaska, kaskazini ya mbali kwenye baridi, wamepata dinosaria wenye midomo kama ya bata, lakini wale wa shingo ndefu kama wa kwetu hawajaonekana huko. Inaonekana walipenda joto.

Limebaki la leo. Jangwa la Gobi huko Asia na Patagonia huko Amerika Kusini zinasifika kwa mifupa ya dinosaria kwa sababu ni kavu, hakuna majani ya kuficha mwamba. Tendaguru imefunikwa na nyasi na miti, na ilibidi mhandisi Bernhard Sattler aone mifupa iliyochomoza mwaka 1906 ndipo dunia ijue. Kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, watu wetu walichimba chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, wakabeba mifupa vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jina lake lipo kwenye mjusi mmoja, *Australodocus bohetii*, na nawataka wanafunzi wangu walijue kabla ya majina ya Wajerumani. Kwa hiyo ukitafuta kwenye nchi ya mvua, fuata kingo za mito, makorongo na mikato ya barabara, na uende mara tu baada ya masika, kabla nyasi hazijarudi.

Ukikuta jiwe lenye vitundu kama vya mfupa, usilichomoe. Weka sarafu pembeni, piga picha ya karibu na ya mbali, chukua mahali ulipo kwenye simu, kisha mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji na watu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalilinda. Na tabaka lililolizunguka, rangi yake na makombe yake, ndilo litakalosema mvua ya siku ile ilikuwaje.