Kabla ya Kwenda Kerala Kujifunza Ayurveda

Amua kwanza: unakwenda kutibiwa kwa Ayurveda, tiba ya asili ya India, au kujifunza? Uamuzi huo unagusa hata viza. Tangu 2023 India ina viza ya Ayush kwa wageni wanaofuata tiba zake za asili. Anayetaka darasa aulize ubalozi viza inayomfaa kabla hajakata tiketi. Chanjo ya homa ya manjano nayo uchome mapema, maana cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na anayetoka Kenya, Uganda au Kongo bila cheti anaweza kuwekwa karantini.

Kwa maoni yangu Kerala, jimbo la kusini mwa India, ndiko pa kuanzia, kwa sababu huko Ayurveda ni tiba ya wenyeji wenyewe. Mjini Kottakkal, kwa mfano, ipo Arya Vaidya Sala, iliyoanzishwa na P. S. Varier mwaka 1902, yenye hospitali, kiwanda cha dawa na bustani ya mitishamba. Hoteli za ufukweni zitakukanda vizuri, lakini mwanafunzi atajifunza zaidi mahali ambapo wagonjwa wa kweli wanapanga foleni.

Kuhusu msimu, watalii wengi hukwepa mvua. Wenyeji hawaikwepi. Mwezi wao wa Karkidakam, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, mvua ikiwa bado nyingi, ndio wakati wa kupakwa mafuta na kunywa uji wa dawa, kwani wanaamini mwili hupokea tiba vyema zaidi hali ya hewa ikiwa na unyevunyevu. Ukiweza, nenda wakati huo, na ubebe nguo ambazo hutazionea uchungu zikiingia mafuta ya ufuta.

Panchakarma, yaani tiba ya Ayurveda ya kusafisha mwili, usiichukulie kama masaji. Hatua zake tano ni kutapishwa, kuharishwa, kuingiziwa dawa kwa njia ya haja kubwa, kutiwa dawa puani na kutolewa damu. Mjamzito asiiguse. Mwenye kisukari au presha azungumze na daktari wake kabla ya kuondoka, abebe orodha ya dawa zake, na asiziache hata akiambiwa mitishamba inatosha. Hapo sina mjadala.

Anayekutibu au kukufundisha muulize usajili wake bila haya. Shahada ya BAMS, ile ya udaktari wa Ayurveda, huchukua miaka mitano na nusu, mazoezi ya hospitalini yakiwemo; kwa hiyo kozi ya wiki mbili itakupa mwanga, haitakufanya tabibu.

Dawa za kurudi nazo ununue kwa tahadhari kubwa. Baadhi hutengenezwa kwa madini, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takriban moja kati ya kila dawa tano za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti.

Kabla ya safari, anza kujifunza nyumbani kwa unavyovijua: manjano, tangawizi, iliki, mwarobaini ambao asili yake ni kulekule Bara Hindi. Kisha beba daftari, na kila mmea utakaoonyeshwa uandike pamoja na jina lake la Kilatini. Ukitajiwa mmea wa dawa uitwao shankhapushpi huko Kerala, mara nyingi ni Clitoria ternatea, ilhali kaskazini mwa India jina hilohilo huitiwa mmea mwingine kabisa.