Flampeni la chuma la bei mbaya, kabla hujatoa hela soma hapa

Siku hizi kila anayeangalia watu wakipika kwenye simu anaona lile flampeni jeusi la chuma kizito, nyama inachachatika, anatamani, akiuliza bei anaambiwa malaki. Mimi kwa sisi wa Kigoma nasema hivi, chuma nunua ila cha bei mbaya achana nacho, isipokuwa kwa jambo moja ntalisema huko mbele.

Kwanza ujue hela yako inaenda wapi. Chuma hiki kinayeyushwa kinamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikipoa kinatoka na vipelevipele. Lodge, kampuni ya Tennessee kule Marekani, ambao wapo tangu 1896, wanakuuzia hivohivo na vipele vyake na flampeni lao la kawaida kwao halifiki dola 40. Hawa wa bei kali, kampuni kama Smithey na Field, wanakisaga ndani kinakuwa laini, wengine wanakipunguza uzito, wanakipendezesha, bei inaruka dola 100 inapita. Chuma ni kilekile tu. Na vile vipele ukishapika muda mrefu mafuta yanavijaza vyenyewe, tofauti inabaki ndogo mno. Alafu ukiagiza nje kumbuka usafiri, maana flampeni la inchi 10 lina kilo 2 na kitu na mzigo unalipiwa kwa kilo, mpaka lifike Kigoma umelinunua mara ya pili.

Kitu wauzaji wengi hawasemi, chuma hakisambazi moto vizuri. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara nne kuliko chuma hiki. Sifa ya chuma ni kutunza joto kwa sababu ya uzito wake, basi. Kwa iyo ukikiweka juu ya mkaa uliorundikana katikati, katikati panaungua pembeni pamelala. Sambaza makaa, moto uwe wa wastani, kiweke kitupu dakika 5 mpaka 10, kizungushe kidogokidogo, dondoshea tone la maji, likirukaruka likaisha hapohapo weka mafuta. Hapo sasa ndo utakielewa, mgebuka, samaki wetu wa ziwani, uliotoka mwalo wa Kibirizi asubuhi ukiutua mafuta hayapoi, yanaendelea kuchachatika, ngozi inakauka haraka na ukisubiri bila kumsumbuasumbua samaki anajiachia mwenyewe. Kwenye flampeni jepesi ukiweka samaki watatu kwa mpigo mafuta yanapoa, samaki anayanyonya, ukigeuza ngozi imebaki chini.

Ila piga hesabu ya mkaa. Kama unakaanga mayai mawili asubuhi unaondoka, huo mkaa wa kupashia chuma unaupoteza bure. Maharage na ugali wa muhogo endelea na sufuria yako, usijitese kusonga kwenye chuma. Anayefaidi ni mama ntilie, muuza chapati, mkaanga samaki wa jioni, yani mtu ambaye jiko lake likiwaka haliwaki dakika kumi tu likazimwa.

Ukienda kutafuta, iwe dukani au kwenye vyombo vya mtumba, beba sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa inatosha. Kuna alumini inapakwa rangi nyeusi inauzwa kama chuma, sumaku haitainasa. Alafu kiweke chini kwenye sakafu iliyonyooka uone kama kinacheza. Kigonge kwa sarafu, kizima kinalia, chenye ufa sauti inakuwa butu. Angalia sana pale mkono unapoungana na chombo. Cha ufa usichukue hata upewe bure, aina hii ya chuma kuchomelea ni shida kweli na kikidondoka kwenye sementi kinavunjika.

Sasa kukikolezea mafuta, yani kukipaka mafuta na kukichoma mpaka mafuta yawe ngozi ngumu juu ya chuma, hapa ndo watu wa kwetu tunakwama maana mkono unaenda moja kwa moja kwenye mawese. Mawese ni matamu kwenye maharage, ila kwa kazi hii sio, yanaganda yakipoa, hayakauki kuwa ngozi ngumu, utabaki na chombo kinanata vidole. Tumia alizeti. Osha chuma, kikaushe juu ya moto mpaka maji yote yaishe, paka alizeti kidogo sana ndani nje na mkononi, alafu chukua kitambaa kikavu ufute mpaka uone kama hamna kitu umebakiza. Usipofuta yatafanya madoa yanayonata. Kifudikize juu ya makaa mengi yaliyotulia, funika na kipande cha bati au sufuria kubwa kuukuu, acha kama saa nzima mpaka moshi ukate. Fanyia nje, moshi wake si wa kitoto. Rudia mara tatu nne, baada ya hapo kazi inamaliziwa na kupika kwenyewe.

Kuosha sabuni sio dhambi kama wanavyosema, ya maji ya kawaida haina neno. Ya kuogopa ni ile ya mche inayopikwa mtaani kama kostiki imezidi, ile inakula kabisa ngozi ya mafuta. Ukimaliza kausha motoni usiache kwenye kichanja, unyevu wa ziwani huu asubuhi unakuta kutu.

Lile jambo moja sasa. Nyanya, ndimu na ukwaju vikikaa muda mrefu kwenye chuma kisicho na enameli vinabandua ile ngozi ya mafuta na mchuzi unapata ladha ya msumari. Kama nyumbani kwako ni dagaa wa nyanya kila siku, na una jiko la gesi unaweza kuupima moto, hapo chungu cha chuma chenye enameli, ile rangi ngumu kama kioo inayochomewa juu ya chuma, kina maana. Le Creuset wa Ufaransa, wapo tangu 1925, vyungu vyao vikubwa vinapita dola 300, na kwa wao angalau unalipia kitu unachokiona maana enameli ya ovyo inabanduka vipande na hairudishiki. Hata hivo usikiweke kitupu kwenye moto mkali wala usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Kwenye mkaa mimi singekithubutu.

Na kama kuna cha zamani cha bibi kimejaa kutu, kabla hujampa yule wa vyuma chakavu akipime kilo, kisugue kwa msasa na waya wa kusugulia sufuria mpaka chuma kionekane, osha, kausha motoni, rudi kwenye alizeti. Yeye mpe cha ufa tu.