Kabla mtoto hajavuka kizingiti: maandalizi ya familia ya kuaminika

Simu ya afisa ustawi wa jamii haina saa maalumu. Mara nyingi huja jioni, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wakiwa wamemaliza kuandika maelezo, na jibu linatakiwa pale pale: mnaweza kumpokea mtoto usiku huu? Familia iliyojiandaa hujibu kwa utulivu. Isiyojiandaa hujibu ndiyo kwa huruma, kisha saa nne usiku inahangaika kuazima godoro kwa jirani, na jirani naye anataka kujua mtoto ni wa nani.

Cha kwanza ni kuelewa mnaombwa nini. Nchini Tanzania, malezi ya watoto walioondolewa nyumbani yanasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Familia ya kuaminika humhifadhi mtoto kwa dharura, kwa siku au wiki kadhaa, hadi ndugu wapatikane au uamuzi mwingine ufanyike. Malezi ya kambo, yaani familia kukabidhiwa kumlea mtoto asiye wake, huchukua muda mrefu zaidi. Kuasili ni jambo jingine kabisa na huamuliwa na Mahakama Kuu. Anayetamani mtoto wa kumwita wake afuate njia ya kuasili. Akipitia mlango wa dharura, siku shangazi wa mtoto atakapopatikana ataona kama ananyang'anywa, ataanza kuficha mtoto au kumsema vibaya huyo shangazi, na anayeumia katikati ni mtoto.

Mazungumzo ya nyumbani yafanyike kabla ya kujaza fomu yoyote, na wote wakae: baba, mama, bibi, watoto wakubwa, dada wa kazi. Mafunzo ya familia za kuaminika mara nyingi huhudhuriwa na mama peke yake. Akirudi anasimulia robo ya aliyofundishwa, na baba anaendelea kulea kama alivyolelewa yeye. Tunasisitiza wahudhurie wazazi wote wawili, au mlezi na mtu wa pili anayelala nyumba hiyo. Mafunzo yenyewe yasiwe ya sheria tupu. Ulizeni kama yatagusa ukuaji wa mtoto kwa umri, athari za ukatili kwenye tabia, kutunza siri, huduma ya kwanza, na namna ya kujaza daftari la mtoto, lile la kuandikia yanayomhusu kwa tarehe. Kama hakuna zoezi la kuigiza siku ya mapokezi, ombeni liwepo. Hapo ndipo watu hugundua kwamba hawajui waseme nini mtoto anaposimama mlangoni kimya.

Mahali pa kulala paandaliwe mapema: kitanda au godoro lake peke yake, chandarua kisicho na tundu, na nailoni nzito chini ya shuka, kwa kuwa kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kabisa kwa mtoto aliyetishika, hata wa miaka kumi. Mashuka yawe pea mbili. Taa ndogo iwake usiku kucha, na njia ya chooni aonyeshwe kabla giza halijaingia. Kama choo kiko uani, wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani. Asilale kitanda kimoja na mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo. Sanduku la akiba liwe na mswaki, sabuni, kanga mbili, nguo za ndani za saizi tatu, kandambili na taulo za kike. Gharama yake si kubwa ikinunuliwa kidogo kidogo.

Kuhusu fedha, tuseme wazi: hii ni kazi ya kujitolea, haina mshahara. Ulizeni mapema nani atagharimia nauli ya hospitali na mahakamani, na nani atanunua dawa zisizopatikana kituoni, na jibu liandikwe. Familia isiyoweza kumlisha mtu mmoja zaidi kwa wiki mbili bila kukopa isubiri kwanza. Kusubiri si aibu.

Saa ya makabidhiano ndiyo inayohitaji umakini kuliko zote. Msipokee mtoto kwa maneno matupu. Pokeeni kwa karatasi yenye jina lake, umri unaojulikana au kukadiriwa, tarehe na saa, jina la afisa, namba yake na namba ya mbadala wake. Kisha ulizeni, hata kama afisa ana haraka: ametibiwa? Anatumia dawa gani, na kama ni za kifua kikuu au ARV, kadi yake ya kliniki iko wapi? Kuna chakula kinachomdhuru? Nani haruhusiwi kumwona? Swali hili la mwisho husahaulika sana. Siku ya tatu anafika mwanaume mpole, ana soda na mkate, anajitambulisha kuwa mjomba. Dada wa kazi anamkaribisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Jina la asiyeruhusiwa lijulikane kwa kila mtu mzima wa nyumba, na kanuni iwe moja: mgeni wa mtoto haingii bila afisa kuthibitisha.

Kama kuna shaka ya ukatili wa kingono na mtoto hajachunguzwa na daktari, msimwogeshe wala msifue nguo zake. Tunajua mkono wa mama huenda kwenye maji ya moto bila kufikiri, kwa upendo, lakini maji hayo yanaosha ushahidi. Nguo zikivuliwa, zikunjwe ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha alama. Apelekwe hospitali mara moja, ikiwezekana yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi. Muulizeni afisa kabla hajaondoka kama imeshatolewa na iko kwa nani.

Msimhoji. Mtoto aliyesimulia jambo lile lile kwa mwenyekiti wa mtaa, polisi, nesi, na sasa kwenu, huanza kubadilisha maneno ili kuwaridhisha wanaouliza, na mahakamani tofauti hizo zitamgeuka. Akiamua kusema mwenyewe, sikilizeni, mwambieni amefanya vyema kusema, kisha andikeni maneno yake kama yalivyotoka, na tarehe. Msimwahidi kwamba hamtamwambia mtu. Ahadi hiyo hamwezi kuitimiza, na atajua mmemdanganya.

Chakula nacho kina mtego. Mtoto aliyekonda sana asishindiliwe wali na nyama usiku wa kwanza, kwani mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kuzidiwa na chakula kingi cha ghafla. Mpeni uji kidogo kidogo na mapema asubuhi mpelekeni kituo cha afya. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59, mhudumu atapima mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na hautibiwi kwa chakula cha nyumbani peke yake. Akiwa amelegea, amevimba miguu au hawezi kula, msisubiri asubuhi. Siku hiyo hiyo aangaliwe ngozi pia: upele ukithibitika, nyumba nzima hutibiwa siku moja na matandiko yote hufuliwa, la sivyo unazunguka kutoka mwili hadi mwili kwa miezi.

Wiki mbili za kwanza mtoto anaweza kuwa mtiifu ajabu. Anaosha vyombo bila kutumwa, anasema shikamoo kwa kila mpita njia, siku ya pili anamwita mlezi mama. Walezi hufurahi na kupunguza tahadhari. Mara nyingi huo ni woga: anapima nyumba. Akishaanza kujisikia salama, ndipo hasira, uongo na kuvunja vitu hutokea, na familia isiyofundishwa hudhani mtoto ameharibika mikononi mwao. Wengi humrudisha mtoto wiki ya tatu au ya nne, wakati alipoanza kuwaamini. Ombeni afisa apange ziara wiki hiyo hasa, mbali na ile ya siku za mwanzo.

Utakuta ugali umefichwa chini ya godoro, umekauka, sisimizi wameshaupata. Usimwite mwizi. Mpe kopo lenye mfuniko, liwe lake, na kila jioni weka ndani ndizi au kipande cha mkate. Akihakikisha kwa siku nyingi kwamba kopo halikai tupu, huacha kuficha. Fimbo haina nafasi hapa. Mtoto aliyepigwa hadi kuondolewa kwao, mkono ukiinuliwa juu yake, hasikii kosa alilofanya. Anasikia kwamba hata hapa ni kule kule. Kama mnajua kwamba mmoja wenu hawezi kuzuia mkono, semeni kwenye mafunzo, kabla.

Watoto wenu waelezwe kwamba mgeni anakuja na ataondoka, na kwamba vitu vyao vya thamani vitabaki vyao. Historia ya mgeni wasiambiwe, maana itafika shuleni kabla ya wiki kwisha. Picha yake isiwekwe hata kwenye status ya WhatsApp. Fulana ya shule au ukuta wa nyumba tu humwonyesha anayemtafuta mahali alipo.

Nanyi mtachoka. Kabla ya mtoto wa kwanza, fahamianeni na angalau familia moja nyingine iliyoidhinishwa, iwe ya kupigiana simu na, kwa idhini ya afisa, kukaa na mtoto siku moja mkiugua au mkifiwa. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure na ibandikwe ukutani, ili hata mtoto aione. Akitoa malalamiko dhidi yenu, yachukuliwe kwa uzito. Daftari lenye tarehe ndilo litakalowatetea.

Safari ya kuondoka huanza kuandaliwa siku ya kufika. Wekeni begi moja: nguo alizopewa zote, kadi ya kliniki, daftari la shule, picha moja ya alipokaa, na lile kopo. Akishapangiwa tarehe, aambiwe siku kadhaa kabla, siyo asubuhi gari likiwa nje. Daftari lenu akabidhiwe afisa kwa saini. Kisha fueni mashuka, pumzikeni angalau wiki mbili kabla ya kupokea mtoto mwingine, na wapeni watoto wenu nafasi ya kuuliza yuko wapi.