Namna ya Kuandaa Orodha ya Usomaji ya Historia ya Wanawake na Ushairi Maktabani

Mwezi wa Machi una siku mbili ambazo maktaba nyingi duniani huziadhimisha: tarehe 8, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, ambayo Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975, na tarehe 21, Siku ya Ushairi Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Mara nyingi mkutubi hupanga meza ya wasifu wa wanawake mwanzoni mwa mwezi, kisha huiondoa na kuweka diwani za mashairi mahali pake. Mwongozo huu unapendekeza orodha moja badala ya meza mbili, ambamo kila kazi ya ushairi imeambatanishwa na kitabu cha historia kinachojibizana nayo. Wanawake wengi wa zamani ambao hawakupata nafasi katika vitabu vya historia waliacha tungo, na anayesoma tungo hizo bila kuijua dunia iliyozizaa hupata nusu tu ya habari.

Anza na jozi moja unayoifahamu vizuri, uitumie kupimia nyingine zote. Kwa msomaji wa Kiswahili sioni jozi inayofaa zaidi ya hii ifuatayo. Mwana Kupona binti Msham, aliyekuwa mke wa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate nchini Kenya, alitunga mwaka 1858 utenzi wa beti 102 kwa ajili ya binti yake. Katika beti za mwanzo anaeleza kwamba maradhi yamemshika kwa mwaka mzima, kisha anamwita binti aje mbele yake, aketi, akiwa na wino na karatasi. Ukiusoma peke yake, utenzi huu huzua ubishi uleule kila mara: wapo wanaouona kuwa ni hati ya utiifu kwa mume, na wapo wanaosikia ndani yake ujanja wa mwanamke anayemfundisha mwanawe namna ya kujipatia heshima na nguvu nyumbani. Ubishi huo ni mzuri, lakini hauishi, kwa kuwa pande zote mbili zinasoma beti zilezile. Sasa weka pembeni yake kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Humo Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao, na miongoni mwa yanayosimuliwa ni habari za ukoo wenye asili ya utumwa.

Hapo ndipo jozi inapofanya kazi. Katika utenzi upo ubeti ambamo mama anamwonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Msomaji wa leo huweza kuupita ubeti huo bila kusimama, kwa maana mazungumzo yote yamezoea kuwa kuhusu mume na mke. Akitoka kwenye simulizi za Mombasa na kuurudia, anagundua kwamba katika nyumba ile walikuwamo wanawake wengine ambao wasia huu haukuwa wao, na swali la kama Mwana Kupona alikuwa mtiifu au mjanja linapata swali jirani: mjanja juu ya nani? Jozi isiyozalisha swali la namna hiyo haistahili nafasi kwenye orodha, hata kama vitabu vyote viwili ni vizuri.

Ukishapata kipimo chako, nenda kwenye katalogi, na jiandae kuzunguka jengo zima. Katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, ambao maktaba nyingi huutumia, masuala ya wanawake katika jamii hukaa namba 305.4, wasifu hukaa 920 au hutengwa kwenye rafu yake, ushairi wa Kiingereza huwa 821, ule wa Marekani 811, na fasihi ya Kiswahili hujificha mbali kabisa, karibu na 896.392. Historia ya Kenya na Tanzania iko katika kundi la 967. Hakuna rafu moja yenye historia ya wanawake, na mkutubi anayechukua vitabu vya 305.4 peke yake atapata nadharia nyingi na watu wachache.

Tafuta kila mwandishi kwa majina yake yote. Mwana Kupona huandikwa pia Mwanakupona, na kazi yake huitwa utendi katika toleo moja na utenzi katika jingine, kompyuta haitakuunganishia. Binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa akiitwa Sayyida Salme mwaka 1844 anapatikana katika katalogi nyingi kwa jina la Emily Ruete, alilotumia baada ya kuolewa na Mjerumani. Dada watatu wa familia ya Brontë walichapisha mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell, majina ambayo hayakudhihirisha kuwa ni ya wanawake, na nakala mbili tu zikauzwa mwanzoni. Ukikuta kumbukumbu ya katalogi yenye jina moja tu la mwandishi wa aina hii, mwombe anayehusika aongeze mengine. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na faida yake itabaki muda mrefu baada ya maonyesho yako kuondolewa.

Ushairi wa wanawake haupo katika diwani peke yake, na hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, na aliyeuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alirekodi nyimbo zake Bombay kuanzia mwaka 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Jozi yake ya asili ni kitabu hicho pamoja na rekodi. Kama maktaba ina vipokea sauti na kompyuta, viweke mezani. Ukitaka kuipanua kuwa utatu, ongeza kumbukumbu za Sayyida Salme zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 na kutafsiriwa baadaye, ili msomaji auone Unguja kutoka dirisha la kasri, kisha ausikie kutoka kwa mwanamke aliyetembeza vyungu.

Vivyo hivyo kwa Bibi Titi Mohamed. Kitabu cha Susan Geiger cha mwaka 1997 kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kimejengwa juu ya simulizi za maisha yao, na kinaonyesha kwamba Bibi Titi alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kabla ya kuingia katika siasa, na kwamba vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa njia kuu ya kuwafikia na kuwaandikisha wanachama. Kitabu hiki cha historia kinahitaji mwenzake wa kishairi, nao ni mkusanyo wowote wa nyimbo za ngoma na taarabu ulio nao. Usione haya kuuita mkusanyo huo ushairi; una vina, una mizani, na ulitungwa ili ukumbukwe.

Nje ya Afrika Mashariki uchaguzi ni mpana mno, kwa hiyo chagua majina machache ambayo historia yake inaweza kusimuliwa kwa uhakika. Phillis Wheatley alifikishwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, na kitabu chake cha mashairi kilipochapishwa London mwaka 1773 kiliwekewa mbele tamko lililosainiwa na wanaume 18 wa Boston, wakithibitisha kwamba aliyatunga mwenyewe. Tafuta toleo lenye tamko hilo, kwa sababu ukurasa ule unaeleza mengi kuliko dibaji yoyote ya kisasa, kisha liambatanishe na kitabu cha historia ya biashara ya watumwa katika Atlantiki. Noémia de Sousa wa Msumbiji aliandika mashairi yake mengi kati ya 1948 na 1951, yakasambaa kutoka mkono hadi mkono, lakini hayakukusanywa katika kitabu hadi mwaka 2001. Historia ya ukoloni wa Wareno na ya uhuru wa mwaka 1975 ndiyo itakayoeleza pengo hilo la nusu karne. Enheduanna wa Uru, mji wa kale wa Mesopotamia, kuhani wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita ambaye ndiye mtunzi wa kale zaidi anayefahamika kwa jina, anastahili kadi moja, si zaidi, isipokuwa kama maktaba yako ina kitabu kizuri kuhusu Mesopotamia.

Toleo ni jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko watu wanavyodhani. Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, aliacha mashairi yapatayo 1,800 alipofariki mwaka 1886, na ni machache sana, kama kumi hivi, yaliyokuwa yamechapishwa. Wahariri wa kwanza walilainisha vina vyake na kubadilisha alama zake za uandishi. Toleo kamili lililofuata miswada yake lilitoka mwaka 1955. Ukiweka mezani kitabu kilichonakili toleo la zamani, msomaji anaazima mashairi ya wahariri. Kwa utenzi wa Mwana Kupona tatizo ni tofauti: lahaja yake ni Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, cha karne ya 19, na msomaji aliyezoea Kiswahili sanifu hukwama katika ubeti wa kwanza. Mpe toleo lenye maelezo ya maneno, kama lile lililomo katika mkusanyo wa tenzi wa J. W. T. Allen wa mwaka 1971, ambalo pia lina tafsiri ya Kiingereza. Kwa vitabu vyote vilivyotafsiriwa, jina la mfasiri liandikwe kwenye kadi.

Tukizungumzia kadi, hizi ndizo zitakazofanya vitabu viazimwe au vibaki mezani. Kadi inayosema “kitabu kizuri sana kuhusu wanawake mashujaa” haimwambii msomaji lolote, kwani inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote cha meza hiyo. Andika kitu kimoja kilichomo ndani ya kitabu, kisha elekeza kwa mwenzake. Kwa mfano: “Mama mgonjwa anamwita binti yake aje na wino na karatasi, amwachie wasia wa beti 102. Nani mwingine alikuwa ndani ya nyumba ile? Soma pamoja na Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilicho upande wako wa kulia.” Maneno thelathini hadi arobaini yanatosha. Epuka pia kuigeuza orodha nzima kuwa msururu wa “mwanamke wa kwanza” kufanya hili na lile. Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na sifa hiyo itajwe, lakini katika kumbukumbu zake za mwaka 2006 kinachomshika msomaji ni jinsi alivyoanza na vitalu vya miche na wanawake wa vijijini. Kadi ianzie hapo.

Idadi iwe ndogo. Jozi sita, yaani vitabu kumi na viwili, zinatosha kwa meza moja na kwa karatasi ya pande mbili ya kuwapa wasomaji. Hakikisha angalau jozi mbili zinasomeka kwa Kiswahili pande zote, na kwamba ipo moja inayomfaa mwanafunzi wa sekondari. Vitabu vya Kiingereza viandikiwe kadi za Kiswahili hivyohivyo.

Kama utaandaa kikao cha kusoma, chagua jozi moja tu, na shairi lisomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kulieleza. Utenzi hasa ulitungwa kwa ajili ya sikio: mistari mifupi ya mizani minane, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Mpe msomaji mzuri beti kumi, kisha mpe mwingine azisome upya, kwani sauti ya pili hufichua maana ambayo ya kwanza iliipita. Baada ya hapo soma ukurasa mmoja au miwili wa kitabu cha historia, na uulize swali lililoandikwa kwenye kadi. Saa moja inatosha. Mtu akianza kutoa mhadhara kuhusu maisha ya mtunzi kabla shairi halijasikika, mkatishe kwa adabu.

Ukitaka kuwagawia washiriki nakala, kumbuka kwamba utungo wa karne ya 19 hauna tena mwenye hakimiliki, lakini tafsiri yake ya miaka ya karibuni huwa naye, pamoja na maelezo yaliyoandikwa na mhariri. Nakili beti asilia, na tafsiri isomwe kutoka kwenye kitabu chenyewe.

Machi inapokwisha, rudisha vitabu kwenye rafu zake lakini usivunje jozi: bandika ndani ya jalada la nyuma la kila kimoja karatasi ndogo yenye jina na namba ya rafu ya mwenzake, na uingize maelezo hayohayo katika katalogi. Kisha angalia kumbukumbu za uazimaji. Pale ambapo kitabu cha ushairi kiliondoka na mwenzake akabaki mezani, kadi ndiyo iliyoshindwa, au kitabu cha historia ni kizito mno. Badilisha kadi kwanza, na hilo lisiposaidia, tafuta kitabu kingine kabla ya kutuma oda ya ununuzi ya mwaka unaofuata.