Umepangiwa upasuaji? Fanya haya kabla hujaingia thieta

Mi nimeshastaafu. Miaka yangu yote ya kazi imeishia thieta, kwenye henia, mabusha, vidole tumbo, uvimbe wa kizazi na matumbo ya ajali za bodaboda, na nnachoweza kukwambia ni kwamba kukatwa kwenyewe ndo sehemu fupi. Mambo mengi yanaharibikia jana yake au wiki inayofuata, na hapo mgonjwa ana kazi yake, sio daktari peke yake.

Anza na kusema ukweli. Daktari wa usingizi akija kukuuliza unatumia dawa gani mtajie zote, presha, sukari, aspirini, sigara, pombe, bangi, na ile chupa ya mitishamba uliyoletewa na shangazi, maana kuna dawa zinazuia damu kuganda na sisi tutakuja kugundua tumbo likiwa limeshafunguliwa. Hatukuhukumu wala hatumwambii mama mkwe. Dawa za presha nyingi unameza asubuhi na maji kidogo, za sukari mara nyingi zinasimamishwa, ila usijiamulie, uliza. Sigara kama una mwezi mbele yako acha leo.

Halafu njaa, hapa ndo kwenye ugomvi kila siku. Chakula mwisho masaa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi, mlo wenye mafuta mengi masaa 8, na chai ya maziwa ni chakula, uji ni chakula, msinibishie. Maji matupu au chai ya rangi kwa kawaida inaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, ila fuata ulichoambiwa wodini kwako. Sababu ni kwamba ukishalala kwa dawa koo linalegea, kilichomo tumboni kinapanda na kuingia kwenye mapafu pamoja na tindikali yake, na hiyo inaua. Nimeona ndugu anapenyeza chapati chini ya kanga kwa huruma tu, mgonjwa anakula anafuta mdomo, tukimuuliza anasema hajagusa kitu tangu jana. Kama umekula sema, tutaahirisha, kesho ipo.

Oga vizuri na sabuni lakini usijinyoe huko chini na wembe, wembe unaacha vimikwaruzo usivyoviona na vijidudu vinapita humohumo. Kama nywele zinasumbua tutazipunguza sisi na mashine. Rangi ya kucha toa. Piko ndo shida kwa sababu haitoki, na kile kipimo wanachokubana kidoleni kinapitisha mwanga kwenye ncha ya kidole kusoma oksijeni, sasa kidole kikiwa cheusi tii kinaweza kusoma uongo au kisisome kabisa. Kwa hiyo kama una harusi wiki hiyohiyo acha hata vidole viwili bila kupaka. Meno ya bandia taja.

Ukifika thieta utaulizwa jina lako mara kibao, unafanyiwa nini, upande gani. Usidhani wamechanganyikiwa. Ni orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, na ilijaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, Ifakara yetu ikiwemo pamoja na London na Toronto, vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Maswali tu hayo! Kama henia yako iko kulia na hujachorwa alama kulia, piga kelele kabla hujalala.

Baada ya hapo amka kitandani mapema, tembea, ukilala tu damu inaganda miguuni. Ukitaka kukohoa kumbatia mto tumboni kwanza. Na daktari akikuuliza mbele ya wageni wako kama umeshajamba jibu bila aibu, kama umepasuliwa tumbo hiyo ndo habari tunayoisubiri, utumbo umeamka.

Nyumbani kidonda kiwe kikavu, hakuna majivu hakuna dawa ya meno. Homa, usaha, harufu, tumbo kujaa au kutapika, rudi siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Ndoo za maji na jembe mwachie mtu mwingine kama wiki 6 hivi, au muda uliopewa na aliyekupasua, hata kama unajisikia mzima, na wanaume wa henia ndo wabishi kuliko wote, nyuzi hazijatolewa unamkuta kashabeba gunia.