Somo: Tunabuni shule ili wanafunzi wajifunze kusoma data

Walimu wenzangu wa Kusini mwa Tanzania, somo hili linafundisha kusoma data bila kugusa alama za mtoto yeyote. Wewe unaficha siri ndani ya namba, wanafunzi wanaitafuta.

1. Fungua Excel. Safu A weka namba za wanafunzi, W001 hadi W120, kuanzia mstari wa pili. Majina usiweke, hata ya kubuni.

2. Safu B, kilomita kutoka nyumbani: =RANDBETWEEN(1,12)

3. Safu C, siku alizohudhuria kati ya 95: =95-2*B2-RANDBETWEEN(0,15)

4. Safu D, alama: =MAX(0,ROUND(NORM.INV(RAND(),C2-35,10),0))

Hapa tusimame kidogo. Ukijaza alama kwa kubahatisha tu kati ya 0 na 100, mwanafunzi atachora na hataona kitu, kwa kuwa hakuna cha kuona. Katika kanuni hizi umbali unapunguza mahudhurio, mahudhurio yanavuta alama, na ile 10 ya kanuni ya safu D inaleta mtawanyiko, ili awepo wa mbali aliyefaulu na wa karibu aliyefeli. Ifanye 25, siri inazama. Ifanye 3, inaonekana waziwazi mno.

5. Buruta kanuni za mstari wa pili hadi mstari wa 121. Kisha nakili safu zote, bandika thamani tu. La sivyo namba zitabadilika kila unapohariri.

6. Zichafue. Futa alama chache, andika 560 penye 56, rudia mstari mmoja, weka "hayupo" mahali pa alama. Kisha uliza: asiyefanya mtihani apewe sifuri, au aachwe nje ya wastani? Wakokotoe kwa njia zote mbili. Kwangu hili ndilo swali bora la somo zima, maana wanaona kwamba wastani una uamuzi wa mtu ndani yake.

7. Wachore mchoro wa nukta, B na D. Waulize pia ni sababu gani ya utoro haimo kwenye jedwali. Tandahimba na Newala watataja msimu wa korosho.

Maswali ya walimu

Mwalimu, kwa nini nisitumie matokeo ya darasa langu nikafuta majina?
Kama anayetoka kilomita 11 ni mmoja tu, darasa zima linamjua. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Naweza kumpelekea afisa elimu mchoro huu kama ushahidi kwamba umbali unashusha ufaulu?
Hapana. Uhusiano huo umeuweka wewe. Andika DATA ZA KUBUNI juu ya kila ukurasa, faili lisije likasambaa bila maelezo.

Niko Liwale, shuleni hatuna kompyuta.
Tumia dadu za ludo. Jumla ya dadu mbili ni kilomita. Mahudhurio: 95, toa kilomita mara mbili, toa namba ya dadu moja. Alama: mahudhurio toa 45, ongeza jumla ya dadu tatu. Kila mwanafunzi atengeneze mistari miwili, yote iandikwe ubaoni.