Kuchuja Wateja Watarajiwa Baada ya Nane Nane

Muuza pampu za umwagiliaji anayerudi kutoka viwanja vya Nane Nane, maonesho ya wakulima ya Tanzania ya mwezi Agosti, akiwa na daftari lenye namba 300 za simu, hana budi kujiuliza ni wangapi kati ya hao walisimama bandani kwa ajili ya pampu na wangapi walifuata kofia za bure.

Dawa huanzia kwenye daftari lenyewe: pamoja na jina na simu, andika ukubwa wa shamba, chanzo cha maji na kina chake, zao linalolimwa, na mwezi ambao mkulima anatarajia kushika fedha, kwani anayevuna mpunga mara moja kwa mwaka hanunui kwa wakati mmoja na anayeuza mchicha kila wiki. Mwenye maelezo kama "kisima, mita 12, ekari 2 za vitunguu" apigiwe simu siku hiyohiyo. Aliyeulizia bei tu atumiwe ujumbe na kusubiriwa. Usimdharau, hata hivyo, kijana asiye na shamba, maana huenda ametumwa na baba yake.

Kila baada ya miezi mitatu, linganisha walionunua na mahali ulipowapata, kisha punguza matumizi pale panapokuletea namba nyingi na mauzo haba.